Samaki Wenye Vitovu

11 Juni
Mvua ya kwanza ya mwaka. Oliva naye kafika leo, begi moja mkononi, viatu vimelowa chapachapa. Nimempokea mlangoni nikamwambia, "Karibu nyumbani, mwanangu," akajibu, "Asante, Mama," kama mtu anayemshukuru muuza duka. Kisha akaingia chumba cha marehemu mama yangu, akajitupa kitandani na nguo zake mbichi.

Mtoto wake alizaliwa mfu mwezi uliopita huko mjini, mimba ya miezi minane. Oliva alikataa kumwangalia. Mumewe, Rutilio, ndiye aliyekabidhiwa na hospitali, akaenda kumzika peke yake. Hawakumpa jina. Hayo ndiyo ninayoyajua, na hata hayo niliambiwa na Rutilio kwenye simu, maana binti yangu hasemi.

Nimenunua daftari hili nipate pa kutemea maneno. Mdomo wangu naujua. Nikimmwagia Oliva yote niliyo nayo moyoni, nitamvunja.

12 Juni
Mvua. Hakula.

13 Juni
Mvua. Tamale, unga wa mahindi ninaoufunga na kuupika kwenye majani, nampelekea za moto, zilezile ambazo watu wanapanga foleni mlangoni kwangu alfajiri kuzinunua. Kala nusu, nusu kampa paka. Ya paka ndiyo ilikuwa kubwa.

15 Juni
Leo kaamka, lakini kaamkia mbele ya tangi la samaki, na hapo kakaa hadi jioni.

Tangi hilo la kioo ni la mama. Chemchemi ya mtaa wetu ilipofungwa mabomba, maji yakapelekwa kwenye mashamba ya parachichi, mama alishuka na sufuria akawachota samaki aliowakuta wakitweta topeni. Hawa ni wajukuu wa wajukuu wao. Si wazuri. Ni wadogo, wa kijivu, dume lina ukanda wa manjano mkiani na majivuno yasiyolingana na mwili wake. Ila hawatagi mayai. Wanabeba mimba kama sisi, na vitoto vikizaliwa vinatoka na nyuzi nyeupe zinaning'inia tumboni. Vitovu. Hakuna mtu wa mtaa huu ambaye hajaviona. Ndiyo maana watu wa kale walisema mtoto anayekufa bila ubatizo haendi mbali: anashuka chemchemini, anaingia tumboni mwa samaki, anangoja. Samaki hawa hawakuliwa hata mwaka wa njaa. Wanaitwa malaika.

Mimi siamini. Nawalisha kwa sababu mama aliniachia, basi. Mtu huachiwa mashamba, mimi nimeachiwa samaki.

18 Juni
Jumatatu, siku ya marehemu. Wanawake wa mtaa wakaja kuwatazama malaika, kama walivyokuwa wakija enzi za mama, na matope yao yote miguuni. Sakafu yangu haina mwenyewe. Mbele yao Bi Tránsito, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, mjane ambaye habari za mtaa humfikia kabla hazijatokea.

"Casimira," ananiambia, pua kaibandika kwenye kioo, "jike lako lina mimba."

"Si langu, na mimba si habari. Wana kazi gani nyingine humo ndani?"

Akamgeukia Oliva. "Wako mlimzika lini, mwanangu?"

"Sikumzika mimi."

"Mwezi wa tano, sivyo? Haya, litazame tumbo lile. Unadhani lilianza lini?"

Nilimshika mkono nikamtoa hadi barabarani, kwenye mvua. "Iko siku mdomo wako utakuzika!" Akajifunika mtandio wake taratibu, hana hata haraka. "Msema kweli mpenzi wa Mungu," akasema, akaenda zake.

Niliporudi chumbani, Oliva alikuwa amesogea mpaka pumzi yake inatia ukungu kwenye kioo.

24 Juni
Sikukuu ya Yohane Mbatizaji. Zamani wasichana waliogeshwa nywele chemchemini siku ya leo. Sasa pale pana pampu na uzio wa waya.

Baada ya misa nilimleta padri azungumze na Oliva. Kijana mpole. Kasema Kanisa halifundishi tena habari za limbo, mahali pa kungojea watoto wasiobatizwa; watoto wale wako mikononi mwa Mungu. Bi Tránsito, aliyekuja bila kualikwa, akadakia: "Sawa, baba. Limbo mmeifunga. Na waliokuwemo mmewahamishia wapi?" Padri akanywa uji wake wa mahindi akaaga. Oliva hata hakugeuka.

3 Julai
Mvua. Kaniuliza samaki wanakula saa ngapi.

4 Julai
Samaki walipokula, naye kala. Tamale nzima. Paka kanung'unika.

9 Julai
Radi imepiga, umeme umekatika tangu mchana, na pampu ya hewa ikanyamaza. Punde samaki wote wakawa juu, midomo wazi. Oliva akachukua kibuyu, akawa anachota maji ya tangi anayamwaga kutoka juu, anachota anamwaga, ili yaingie hewa. Nilimtazama kwanza kwa hasira, tangu lini mtu akaua mkono wake kwa ajili ya dagaa! Halafu nikaona bega lake linatetemeka, nikatwaa bakuli nami nikaanza. Tukapokezana hivyo mpaka taa zikarudi.

"Mama," akasema, "huyu mwenye mimba anapumua kwa ajili ya wawili."

Ni sentensi yake ndefu kuliko zote tangu afike. Kisha akaomba maharage, akala sahani mbili. Nimemshukuru Mungu kwa chakula kilichoingia kwa mlango wa uongo. Sijui kama shukrani ya namna hiyo inapokelewa.

14 Julai
Leo kaniuliza waziwazi: "Mama, anayosema Bi Tránsito ni kweli?"

Nilikuwa na jibu. Jibu langu nimelitembeza mtaa mzima miaka yote hii, kwamba ni upuuzi wa watu wasio na kazi. Lakini kijiko kilikuwa mkononi mwake, na mashavu yake yameanza kujaa. Nikasema, "Huenda."

Akala.

25 Julai
Rutilio kaja na basi la asubuhi. Nimwandike kama ninavyomfikiria: ni mshona viatu, mpiga gumzo, miaka yote nimemwona kama mtu anayekaa tu akingoja soli zijishone. Nikamketisha jikoni nikaenda kumwita Oliva. Hakunyanyuka. "Mwambie asubiri mpaka azaliwe."

Nikayafikisha maneno kama yalivyo. Nilidhani atacheka.

"Nani azaliwe, Mama mkwe?"

Ikabidi nimweleze: samaki, Bi Tránsito, ile "huenda" yangu. Uso ulimsawajika. Kisha akasema kwa sauti ya chini, macho kwenye meza, "Mtoto wangu nilimzika mwenyewe. Nilimpakata njia nzima kwenye lile sanduku. Alikuwa mzito kuliko nilivyodhani. Sasa mnaniambia yumo kwenye tangi?"

Alilia kama watu wasiojua kulia, anafuta machozi kabla hayajatoka. Kaondoka na basi la jioni bila kumwona mkewe, na mvua ilikuwa inamwaga. Nilimfungia tamale kwenye kitambaa changu kizuri. Mwaka jana ningemfungia kwenye gazeti.

26 Julai
Mvua.

27 Julai
Mvua. Ukuta wa jikoni umeota kuvu. Oliva anaimba akiwa na samaki. Ni wimbo wa kubembeleza mtoto. Nimefunga mlango nisisikie.

7 Agosti
Nilikuwa nafunga tamale kwenye majani nikakumbuka kitambaa cha mama. Kila jike lilipokaribia kuzaa, mama alilifunika tangi, tukakatazwa kuchungulia. Nami nilichungulia. Nilikuwa mdogo. Niliona jike limezaa, limetulia, limegeuka, na mkia wa kitoto chake unatokeza mdomoni mwake, bado unapiga.

Wanakula watoto wao. Si siku zote, lakini wanakula.

Majani yamenianguka mikononi. Oliva anakodoa macho pale kutwa. Akimwona yule anayemwita wake anamezwa na mama yake mzazi, mimi nitamwokota wapi tena binti yangu?

15 Agosti
Sikukuu ya Kupalizwa Mama Maria. Baridi ya mvua imeichelewesha mimba, lakini sasa tumbo la jike limekuwa kama boksi, na weusi unaonekana nyuma karibu na mkia. Oliva kaniambia mpango wake. Siku ya San Ramón Nonato, mtakatifu wa wanaojifungua, yule aliyetolewa tumboni mama yake akiwa amekwisha kufa, ataenda kanisani aombe maji ya baraka. Kitoto kikitoka tu, atayamwaga tangini na kukibatiza, na mtoto atakuwa huru.

"Na wewe je?" nikamuuliza.

"Mimi nini?"

"Utarudi kwako?"

Kanitazama kama nimeuliza habari za mtu mwingine.

21 Agosti
Mvua ya mawe. Bi Tránsito anatangaza mtaani kwamba binti wa Casimira anangoja kujifungua. Nimechukua sanamu ndogo ya San Ramón nikambandika sarafu mdomoni, kama inavyofanywa kuwafunga midomo wasengenyaji. Haijasaidia. Labda kwa Bi Tránsito ingehitajika kufuli.

31 Agosti
San Ramón. Oliva kavaa gauni la buluu, kachana nywele, katoka nje ya geti kwa mara ya kwanza tangu mvua zianze. Majirani wamemwona wakajifanya hawamwoni. Jinsi nilivyofurahi!

Alipopinda kona nikachukua upawa na chupa kubwa ya achari niliyoisugua jana. Nilijiambia: jike likizaa peke yake humu chupani, mimi nitakuwa macho, nitalitoa kabla halijageuka, vitoto vitabaki salama, Oliva atabatiza, mambo yataisha. Lilinikimbia kote tangini. Likapiga kioo. Nikalinasa kwenye kona, nikalitia chupani na maji yake, nikaweka jikoni karibu na jiko lisipate baridi. Limekwenda chini likakaa, rangi imefifia, mashavu yanapiga mbio.

Oliva karudi na maji ya baraka kwenye chupa ya soda, kachoka, kalala moja kwa moja. Nitamwambia kesho.

1 Septemba
Sikuwahi kumwambia.

Nilimaliza kuuza, nikarudi jikoni na sufuria tupu, nikamkuta amesimama mbele ya chupa. Jike lilikuwa limezaa kabla ya wakati. Vitoto vilikuwa chini, vyeupe, havijakamilika, macho makubwa kuliko kichwa, na nyuzi za tumboni ndefu kuliko vyenyewe. Kimoja kilikuwa bado kinafungua mdomo. Tulikitazama mimi na yeye mpaka kikaacha.

"Nani kamtia humu?"

"Mimi."

"Kwa nini, Mama?"

Nikasema yote bila kupumua: kwamba wanakula watoto wao, kwamba niliona utotoni, kwamba sikutaka aone, kwamba nilitaka kumlinda. Nilisema "kumlinda" mara nyingi sana, na kila mara neno likazidi kunuka.

Hakupiga kelele. Alichukua ile chupa ya soda, akafungua kizibo, akafunga tena.

"Maiti haibatizwi," akasema. "Najua, niliuliza. Nilimuuliza nesi, akaniambia hawaruhusiwi. Ndiyo maana sikumtazama. Ningemtazama halafu nimwambie nini? Kwamba mlango umefungwa?"

Nikavuta kiti nikakaa.

Akainama akalitazama lile jike lililokuwa limelala ubavu, linahema. Akalitazama sana. "Huyu hana kosa," akasema. "Alikuwa mahali pake. Amehamishwa."

"Ni kweli. Kosa ni langu."

"Hakufanya lolote baya, Mama."

"Hakufanya."

"Mimi nilinyanyua ndoo ya nguo." Sauti yake ilikuwa imebadilika, imekuwa ya msichana mdogo. "Siku ile. Mama yake Rutilio aliniambia niiache, nikasema ni ndoo moja tu. Niliinyanyua, nikazianika nguo."

Mungu wangu! Miezi yote hii kumbe alikuwa amebeba ndoo!

"Sikiliza wewe," nikamwambia, na nilifoka, sikuweza kujizuia. "Mimi nilifua nguo za watu mpaka asubuhi niliyokuzaa! Nilikamua blanketi tatu, uchungu ukanikuta kwenye ya nne! Ndoo haiui mtoto! Ingekuwa ndoo inaua, mtaa huu usingekuwa na mtu hata mmoja!"

Ndipo akalia. Si kulia kwa mtu mzima. Alilia hadi jirani akazima redio. Nikamshika, akanipiga kifuani kwa ngumi, nikaacha anipige, kisha ngumi zikafunguka akanikumbatia. Mvua ilianza na kukatika tukiwa vilevile.

Mwishowe akafuta pua kwa aproni yangu. "Mpigie Rutilio," akasema. "Nataka kujua kama alikuwa na nywele."

2 Septemba
Jike limepona, nimelirudisha tangini. Lile dume likaja palepale, kajitanua mapezi, anatetemeka kama mwenye homa ya malaria, anamzunguka. Samaki hawa kila mimba inataka dume upya, mama alinifundisha, si kama wale wa rangirangi wa sokoni ambao huzaa na kuzaa kwa dume la zamani. Lakini leo, jamani, leo! Nimempiga kwa kijiko. Kahama, kakaa kidogo, karudi.

3 Septemba
Jumatatu. Wanawake wamekuja, hawakuingia. Wamesimama barabarani na miavuli, wananitazama tu. Habari imewafikia. Hakuna aliyenunua tamale. Mmoja kasema, si kwa sauti, "Muuaji."

6 Septemba
Bi Tránsito kaingia kwa mlango wa nyuma. Nilijiandaa kwa vita. Akaketi.

"Nilimtania binti yako jambo lisilotaniwa," akasema. "Lakini sikuwa namtania, Casimira. Nilidhani nampa zawadi."

Nikamuuliza yeye ana wangapi humo tangini. Miaka yote tuliyoishi ukuta kwa ukuta, sikuwahi kumuuliza.

"Watatu. Siwajui ni yupi na yupi. Nawasalimia wote." Akacheka kidogo. "Juzi umeniulia mmoja, labda. Labda si wangu. Nipe uji basi, nimelowa."

Nikampa. Tumekunywa bila kutukanana, jambo ambalo halijapata kutokea. Nimeitoa ile sarafu mdomoni mwa San Ramón.

9 Septemba
Rutilio kaja. Wamekaa jikoni, nami nikajifanya nachambua maharage. Kasema mtoto alikuwa wa kike. Nywele nyingi, nyeusi, zimelala upande. Kucha zimekamilika. Sikio moja limekunjika juu.

Oliva akanyoosha mkono akalifunua sikio langu la kushoto. "Hivi?"

Rutilio akatazama. "Hivyohivyo."

Nilitoka nikaenda kusimama uani kwenye manyunyu. Mjukuu wangu alikuwa na sikio langu, na mimi sikulijua hilo mpaka leo.

Wamempa jina. Jacinta.

10 Septemba
Mvua kidogo.

16 Septemba
Sikukuu ya uhuru, baruti mtaani, samaki wote wamejificha. Oliva kanisaidia kuuza. Kacheka na mteja.

4 Oktoba
Mtakatifu Fransisko, na tufani yake ya kufunga mvua. Imeng'oa mabati mawili ya Bi Tránsito. Rutilio, aliyekuja kumchukua Oliva, kapanda kuyapigilia. Mtu niliyemwita mvivu.

6 Oktoba
Wameondoka. Dirishani mwa basi Oliva kanipungia mkono hadi kona. Nimefanya kazi yangu, binti yangu amerudi kwa walio hai. Nimeingia nyumbani, nikaketi chumbani kwa mama kupumzisha miguu kidogo, na nilipozinduka tamale zilikuwa zimeungua.

15 Oktoba
Jua. Jike lina tumbo tena. Nimezoea kukaa pale nikimaliza kuuza, pana ubaridi mzuri.

22 Oktoba
Wanawake wameanza kuja tena. Nimewawekea mkeka.

28 Oktoba
Limezaa, mchana kweupe, mimi nikiwepo. Safari hii nilijaza majani ya maji tangini, vitoto vipate pa kujificha, na nilikaa na kijiti nikiwafukuza wakubwa. Kila kimoja kilitoka kimejikunja, kikazama, kikajinyoosha, kikaogelea na kitovu chake nyuma. Sikula kutwa, na sikuhisi njaa. Bi Tránsito alikuja akaniambia, "Casimira, umekonda," nikamwambia aniache.

30 Oktoba
Leo ni siku ya watoto waliokufa bila ubatizo. Oliva na Rutilio wamekuja na basi la asubuhi. Wametandika meza sebuleni: maua ya manjano, glasi ya maji, mkate mdogo, mshumaa mweupe, na karatasi yenye jina, Jacinta, kwa mwandiko mzuri wa Rutilio. Oliva kanenepa, uso una rangi. Nimemwambia, "Samaki wamezaa, hutaki kuona?"

"Hapana, Mama," akasema kwa upole. "Nilikwenda makaburini, nikapaona alipolala. Yuko kule." Akanitazama. "Wewe umekula?"

"Nimekula."

Sikuwa nimekula. Niliingia chumbani mara moja tu, kuangalia pampu. Vitovu vimekwisha kudondoka. Vitoto viko kwenye majani, ila kimoja, kidogo kuliko vyote, kilikuwa pembeni peke yake, karibu na kioo. Nimeweka kidole. Kikasogea.

"Mama!" Oliva akaita kutoka mezani. "Njoo, chakula kinapoa!"

"Nakuja!"

Nikainama mpaka paji la uso likagusa kioo. "Jacinta," nikanong'ona.

Kikageuka. Samaki yeyote hugeuka ukimpumulia kwenye kioo, hilo nalijua, nimewaambia watu miaka yote.

Nikamwita tena.